Tikiti Lililokwenda na Maji

Tulitoka Karaki kabla jua halijapata makali,
pikapu ya baba ikikohoa kila kona,
watoto watatu na shangazi Ruwaida nyuma, juu ya mkeka,
miguu yetu imelibana tikiti
kama mtoto wa nne aliyekatazwa kusimama.

Barabara inashuka, inashuka,
masikio yanaziba, yanazibuka,
na pande zote jiwe, jiwe la rangi ya mkate
uliosahaulika motoni,
hema moja, mbuzi wawili, tangi lenye kutu,
hata Mutazi akauliza: "Huku maji yanakaa wapi?"
Baba akamjibu kwa kidevu: chini.

Na kweli yalikuwa chini.
Kwanza tuliyasikia.
Kisha matete, kisha harufu ya mnanaa wa mwituni,
kisha ukuta wa mwamba unaotoka jasho,
na tulipoingia katikati ya kuta mbili
mbingu ikabaki upana wa utepe.

Mama aliingia na nguo zake zote.
Gauni jeusi likameza hewa, likavimba,
akawa kichwa tu kinachoelea juu ya puto,
akacheka kile kicheko ambacho nyumbani
hukiweka kabatini
pamoja na vikombe vya wageni.

Baba hakuogelea.
Alikaa juu ya jiwe, birika kwenye moto wa vijiti,
na kila baada ya kitambo aliinua macho
kwenye ule utepe, upande wa mashariki,
kutafuta wingu.
Hatukumuuliza. Watoto wa huku tunajua:
mvua huwanyeshea wengine, huko mbali,
na maji yakakukuta wewe chini ya jua, unachezea kokoto.
Siku hiyo mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.
Alitazama hata hivyo,
kama msafiri anayegusagusa mfuko wenye nauli.

Tikiti tulilitia kidimbwini lipoe,
tukalizungushia mawe manne.
Lujaini ndiye aliyeondoa moja,
alilihitaji kumjengea chura nyumba.
Tikiti likafikiri kidogo.
Kisha likaondoka.

"Tikiti!" akapiga ukelele shangazi Ruwaida,
na korongo likamrudishia: kiti, kiti, kiti.
"Nani anataka kiti changu?" akafoka Bibi Sabha
kutoka kule chini, kwenye plastiki yake nyeupe,
miguu ndani ya maji ya vuguvugu.

Mutazi alijirusha, akakumbatia povu.
Mimi niliteleza kwa makalio hatua kumi
na nikafika bila kiatu kimoja.
Tikiti lilikuwa linageuka, linageuka,
linatuonyesha tumbo lake la manjano,
likapita maporomoko madogo bila kuomba ruhusa.
Halafu kishindo nyuma yetu,
birika limepinduka, moto unalia fsss,
na baba, na viatu vyake, na saa yake, na sigara zake mfukoni,
yumo.

Aliyelipata si yeye.
Ni Bibi Sabha. Magoti yake,
yale ambayo daktari wa Amman alisema hayafai kitu tena,
yalifunguka, yakafumba,
yakalidaka.

Tulishangilia mpaka kuta zikachoka kuitikia.
Ndipo nikaona mama hacheki.
Anamtazama baba.
Na bibi, tikiti mapajani, anamtazama baba.
Maji yalikuwa yamemfika kifuani.
Mikono ameiinua, viganja juu,
kama aliyesimamishwa na askari.
"Ni ya vuguvugu," akasema,
taratibu, si kwetu,
kama anayemjibu mtu aliyemwuliza zamani.

Kisu tulikuwa tumekisahau.
Bibi alilipasua kwenye mwamba, pu,
tukala kwa mikono, juisi ikitushuka viwikoni,
tukizitema mbegu kwenye mkondo.
Baba alikula amekaa palepale majini.
Mara moja tu aliinua macho juu, nami nikaangalia naye:
utepe wa buluu, ndege mmoja anavuka.

Maganda tuliwaachia wale mbuzi wawili, njiani.
Saa ya baba haikutembea tena.
Anaivaa mpaka leo.